Barua ya Mwaliko Kutoka Ng'ambo: Visa ya Kutembelea Ujerumani Inapatikana Vipi?



Kikundi kimoja cha akina mama wanaosuka viondo kilipata barua kutoka Ujerumani. Marafiki fulani wa huko walikuwa wametembelea kijiji, wakanunua viondo, na waliporudi kwao wakaandika kwamba wangependa wanachama wawili waende kukaa nao kwa majuma mawili. Siku hiyo ilikuwa sherehe. Mbuzi alichinjwa, na mimi mwenyewe nilikula. Mwenyekiti na mweka hazina wakachaguliwa waende.

Hapo ndipo broka mmoja wa mjini akaingia. Aliwaambia wasijisumbue, yeye anajua njia, na atamaliza kila kitu. Akina mama wakatoa pesa za mfuko, zile za kununua tangi la maji. Baada ya majuma machache pasipoti mbili zikarudi, hazina visa, na ndani ya kila moja karatasi ya kukataliwa. Pesa za visa hazirudishwi. Za broka nazo hazikurudi. Tangi bado halijanunuliwa.

Niliombwa nisome karatasi hizo na kueleza shida ilikuwa wapi. Nimeona afadhali nieleze vikundi vyote, maana siku hizi vingi vina marafiki wa ng'ambo na mialiko inakuja.

Mwaliko na visa ni vitu viwili

Sisi tumezoea safari za karibu. Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuvuka kwenda Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake tu. Kwa hivyo mtu anadhani kwamba akialikwa na mwenye nyumba, basi amekaribishwa. Lakini rafiki yako wa Ujerumani ana nyumba yake tu, mlango wa nchi si wake. Mlango huo una serikali, na visa ndiyo ruhusa ya serikali ya kukufikisha mlangoni.

Visa ya kutembelea Ujerumani inaitwa visa ya Schengen. Schengen ni kijiji kidogo katika nchi ya Luxembourg, ambapo mwaka 1985 nchi tano zilitia sahihi mkataba wa kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Leo ni nchi 29, pamoja na Ujerumani, Italia, Ufaransa, Uholanzi na Uswisi. Ukipewa visa hiyo na moja, kwa kawaida unaweza kutembea katika zote. Uingereza na Ireland hazimo. Maombi unapeleka katika ubalozi wa nchi utakayokaa zaidi, au katika ofisi inayopokea maombi kwa niaba yake.

Ofisa anatafuta nini?

Fomu ina maswali mengi, lakini ukiisoma vizuri utaona yanazunguka mambo matatu. Unakwenda kufanya nini? Nani atalipa? Na je, utarudi nyumbani? Hilo la tatu ndilo linaangusha watu wa vijijini. Katika karatasi ya kukataliwa kuna orodha ya sababu zilizochapwa, na ofisa anaweka alama penye sababu yako. Mojawapo ni kwamba kuna mashaka kama mwombaji ataondoka kabla ya visa kwisha. Mwenyekiti wetu aliwekewa alama hapo. Aliwekewa pia nyingine, ya habari zisizoaminika.

Kumbe broka alikuwa ameandika kwamba mama huyu ni meneja wa kampuni, anayelipwa mshahara kila mwezi. Mama hakujua. Alipoulizwa kwenye kaunta anafanya kazi gani, alijibu kweli kabisa: mimi ni mkulima, na nasuka viondo. Basi hapo mambo yakaharibika. Tena broka alikuwa ametafuta pesa nyingi zikaingia katika akaunti yake juma lile lile, halafu zikatolewa. Ofisa anaposoma karatasi ya benki haangalii tu jumla ya mwisho. Anaangalia pesa zimekuwa zikiingia na kutoka namna gani kwa miezi.

Linaloniuma ni kwamba mama huyu hakuhitaji uongo wowote. Ana shamba lenye hati. Ana mume na watoto wawili shuleni. Anapeleka maziwa kwa ushirika na kila mwezi anapata risiti. Ameongoza kikundi kilichosajiliwa, chenye cheti, kitabu cha mikutano na akaunti ya benki. Hizo zote ni sababu za kurudi nyumbani, na hakuna hata moja iliyowekwa ndani ya faili. Mtu wa ofisini anapeleka barua ya mwajiri. Mkulima apeleke nakala ya hati ya shamba, risiti za ushirika, cheti cha ndoa, barua ya shule ya watoto, karatasi ya benki ya miezi kadhaa, hata ile ya M-Pesa kama ndiko pesa zake hupitia. Kikundi nacho kiandike barua, yenye sahihi za maofisa wake, iseme mwanachama huyu ni nani, anatumwa kwa nini, na anatarajiwa kurudi tarehe gani kuendelea na kazi gani.

Wengine huuliza kuhusu barua ya chifu au ya paroko. Ni nzuri, iweke. Lakini inasema tu kwamba unajulikana na una tabia njema, haionyeshi nani atalipa wala utarudi kwa sababu gani.

Mwenyeji naye ana kazi yake

Barua ya mwaliko iandikwe vizuri: jina lako kama lilivyo katika pasipoti, tarehe za kufika na kuondoka, mahali utakapolala, mlijuana vipi, na nani atalipa nini. Ile ya akina mama ilikuwa na maneno ya upendo tu, ya gharama hakuna.

Kwa Ujerumani kuna karatasi nyingine yenye nguvu kuliko barua. Mwenyeji anakwenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, anaonyesha mapato yake, na kutia sahihi kwamba atalipia gharama zako zote ukiwa huko, hata za kukurudisha ikibidi. Wenyewe wanaiita Verpflichtungserklärung. Neno hili refu usijaribu kulitamka, linakili tu katika barua yako kwa mwenyeji, yeye atajua. Anakuletea karatasi ya asili, nawe unaiweka na maombi yako. Msione haya kuiomba. Mwenyeji ambaye hajawahi kualika mtu kutoka Afrika mara nyingi hajui kwamba inahitajika, na kwake yeye kuja Kenya hakukuwa na shida kubwa hivyo.

Pasipoti, bima, vidole

Anza na pasipoti, kwa sababu ndiyo inachukua muda. Maombi hufanywa katika mtandao wa eCitizen. Kama huna njia, saiba au kituo cha Huduma watakusaidia, kisha unakwenda ofisi ya uhamiaji kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Shida kubwa ninayoiona ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwikali, kitambulisho kinasema Mwikale, cheti cha ndoa kina jina la tatu. Hayo yarekebishwe kwanza, hata kabla ya kuandikia mwenyeji. Kwa visa ya Schengen, pasipoti iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, ibaki na miezi 3 au zaidi baada ya siku ya kuondoka huko, na iwe na kurasa mbili wazi.

Bima ya safari ni lazima. Iwe ya Euro 30,000 au zaidi, ifanye kazi katika nchi zote za Schengen kwa siku zako zote, na ilipie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali, na kurudishwa nyumbani mgonjwa au maiti. Bima ya hospitali tuliyo nayo hapa Kenya haitoshi.

Siku ya kupeleka maombi unaenda mwenyewe, kwa sababu alama za vidole vyote kumi huchukuliwa. Sisi wa jembe na makonge vidole vyetu vimekwaruzika, na mashine wakati mwingine inakataa kusoma. Pumzisha mikono siku chache na uipake mafuta. Usicheke, nimeona mtu akijaribu kidole kimoja mara tano.

Ada ya visa kwa mtu mzima ni Euro 90 tangu Juni 2024. Zamani ilikuwa 80. Ofisi inayopokea maombi inaweza kuongeza ada yake. Kila msafiri analipa yake, na ukikataliwa hupati hata senti. Maombi yanaweza kupelekwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, lakini linaweza kufika siku 45. Kupata nafasi ya miadi nako kunachukua muda, kwa hivyo msingoje. Na msilipie tiketi kabisa kabla ya visa kutoka. Onyesha nafasi uliyoshikiwa na ndege, hiyo inatosha kwa maombi.

Soma stika vizuri

Hapa nitakaa kidogo, maana hata waliosoma hukosea. Visa ni stika inayobandikwa katika pasipoti. Ina tarehe mbili, ya kuanzia na ya mwisho, na mahali pengine ina idadi ya siku. Watu wanaona tarehe tu.

Tuseme tarehe ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Juni, na siku zilizoandikwa ni 15. Hujapewa mwezi mzima. Umepewa siku 15 za kukaa, mahali popote ndani ya mwezi huo. Ukiingia tarehe 5 Juni, siku hiyo ya kuingia inahesabiwa kuwa ya kwanza, hata kama ulifika saa tano usiku. Siku yako ya 15 ni tarehe 19, na ni lazima uwe umeondoka siku hiyo. Tarehe 20 tayari umevunja sheria, ingawa stika inasema 30. Na ukichelewa ukaingia tarehe 25, hupati siku 15 tena. Unapata sita tu, kwa sababu tarehe 30 mlango unafungwa.

Stika inaonyesha pia unaweza kuingia mara ngapi. Ikiwa ni 1, ukitoka nje ya nchi za Schengen umetoka, hata kama siku zimebaki. Kwa mgeni wa kutembelea, kiasi cha juu kabisa ni siku 90 katika kila siku 180.

Ukikataliwa

Usitupe karatasi. Tafuta mtu akusomee alama imewekwa wapi. Unayo haki ya kukata rufani, na karatasi yenyewe inaeleza namna. Zamani ungeweza kuandikia ubalozi wa Ujerumani barua ya kuomba wafikirie tena, lakini tangu tarehe 1 Julai 2025 njia hiyo ilifungwa. Imebaki kwenda mahakama iliyoko Berlin, jambo la gharama, au kuomba upya kwa karatasi bora na kulipa ada tena. Kuomba upya hakukatazwi. Lakini jueni kwamba maombi yako ya kwanza yamewekwa katika kompyuta ya nchi zote hizo, na hukaa humo hadi miaka 5. Kwa hivyo usijaribu kuhama kutoka ubalozi wa Ujerumani kwenda wa Italia ukisema hujawahi kukataliwa. Sema ulikataliwa, na ueleze kilichobadilika.

Uwanja wa ndege na mizigo

Ukishapewa visa, ofisa wa mpakani bado anaweza kukuuliza na hata kukurudisha. Ndege ikipitia Amsterdam, basi ukaguzi wa kuingia unafanyiwa hapo, kabla hujafika Ujerumani. Nakala za mwaliko, bima, tiketi ya kurudi, na namba ya simu ya mwenyeji ziwe katika mkoba wa mkononi, zisiwe ndani ya sanduku lililokwenda na mizigo. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kuandika wageni katika kompyuta, picha ya uso na vidole, badala ya kugonga mhuri. Kompyuta inahesabu siku zako yenyewe.

Zawadi za nyumbani zina masharti. Nyama na maziwa kutoka kwetu hayaruhusiwi kabisa, hata nyama iliyokaushwa, hata mursik iliyofungwa vizuri. Matunda mengi yanataka cheti cha ukaguzi wa mimea, ila ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Viondo vya zawadi ni sawa, kwa anayesafiri kwa ndege, mradi thamani ya vyote isipite Euro 430. Vya kuuza ni habari nyingine. Hivyo ni bidhaa, lazima utangaze kwa watu wa forodha. Na visa ya kutembelea haikuruhusu kufanya kazi, kwa hivyo kabla ya kukubali kukaa kwenye meza ya soko, mwenyeji aulize kwanza ofisi ya kwao.

Wale akina mama wameamua kuomba tena, bila broka. Mwenyeji ameshakwenda ofisi ya wageni. Mwenyekiti ana faili yake, ya khaki, ameiweka chini ya godoro pamoja na hati ya shamba. Mweka hazina bado anangojea cheti cha kuzaliwa kirekebishwe, na wamekubaliana kwamba hawapeleki maombi hadi kitoke.