Kampuni Kubwa Ijapo Kijijini: Habari ya Kisarawe

Leo nataka kuwaelezeni jambo lililogawanya vijiji vingi katika Tanzania Bara, yaani ugomvi uzukao kampuni kubwa ya mbali iombapo ardhi ya kijiji. Nitatumia mfano mmoja wa Kisarawe, magharibi ya Dar es Salaam.

Katika miaka ya kabla ya 2008 bei ya mafuta ya petroli ulimwenguni ilizidi kupanda, hata mwezi wa Julai mwaka ule pipa moja likapita dola 140. Watu wa Ulaya wakatafuta mafuta yatokayo katika mimea, nao wakasikia sifa za mbono. Mti huu twaujua sana. Wazee waliupanda kuwa ua wa mji na alama ya kaburi, ndiyo maana wengine huuita mbono kaburi. Wala mbuzi hawausumbui, kwa kuwa una sumu. Ulisifiwa ya kwamba huota hata katika ardhi kavu isiyofaa kwa chakula. Kuota huota, bali kuota ni jambo moja na kuzaa ni jambo jingine, kama ajuavyo kila mwenye mwembe.

Basi kampuni ya Kiingereza iitwayo Sun Biofuels ikaomba ardhi Kisarawe. Mwaka 2009 ilipewa hekta 8,211, yaani zaidi ya eka 20,000, zilizotoka katika vijiji zaidi ya kumi, kwa muda wa miaka 99. Watu waliahidiwa kazi, na pamoja na kazi wakasikia habari za barabara, visima, shule na zahanati.

Kwa nini watu wa kijiji kimoja wasikubaliane juu ya jambo kama hili? Wako wasemao kwamba wanaokataa ni wakaidi, na wanaokubali wamepewa kitu mkononi. Huenda mara nyingine ni kweli, lakini mimi naona sababu kubwa ni nyingine. Ardhi ile ile haimlishi kila mtu kwa njia moja. Kijana asiye na mikorosho husikia neno mshahara, naye hana cha kupoteza akubalipo. Mama mwenye nyumba huuliza maji ya kiangazi yatatekwa wapi. Mchoma mkaa, mchimba dawa na mkata fito hawana shamba la kuonyesha siku ya kuhesabu fidia, ingawa riziki yao yote imo porini. Tena mgeni akitazama pori husema ni ardhi tupu. Wenyeji wenyewe, wakitaka fedha upesi, husema vivyo hivyo, kisha siku ya pili wakaenda huko huko kutafuta kuni.

Hivyo watu wa nyumba moja hubishana usiku kucha kama kampuni ipewe au isipewe, na kila mmoja ana haki kwa upande wake. Lakini swali lililo kubwa kuliko hilo mara nyingi halisemwi: ardhi hii ikiisha kutolewa, itakuwa ya nani?

Tuitazame sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, iitunze kwa niaba ya wanakijiji wote. Mgeni wa nchi nyingine hawezi kumilikishwa ardhi hiyo ikiwa bado ni ya kijiji. Lazima kwanza ihamishwe kwa amri ya Rais, iwe ardhi ya jumla. Ikiwa eneo halifiki hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote wa mahali pale, waweza kukubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni yake tu, na Waziri ndiye akataye shauri. Angalieni basi tofauti ya hekta 250 na hekta 8,211.

Ardhi ikiisha kuhama, katika taratibu zilizotumika wakati ule, Kituo cha Uwekezaji ndicho kilichompa mwekezaji haki ya kuitumia. Hapa ndipo penye fundo lenyewe. Mapatano yalikuwa baina ya kampuni na Kituo, na kijiji hakikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Ahadi ya kisima iliyosemwa chini ya mwembe ilibaki kuwa maneno ya chini ya mwembe, isipokuwa imeandikwa mahali pengine penye nguvu.

Kazi kweli ilipatikana. Wakati mmoja watu zaidi ya 700 waliajiriwa, na sina haki ya kuidharau fedha iliyolipa ada za watoto. Lakini mwaka 2011 kampuni ikaishiwa na fedha. Karibu wafanyakazi wote wakaachishwa, na mali ya Kisarawe ikauzwa kwa kampuni nyingine. Wanakijiji walilalamika mbele ya waandishi wa magazeti kwamba wamezuiwa mahali walipokuwa wakiteka maji, na wengine kwamba fidia haikuwafikia au ilipungua. Mbono nao, uliosifiwa katika nchi nyingi, ulionyesha kwamba pasipo maji na udongo mzuri hauzai mbegu za kutosha kulipa gharama zake.

Walioikubali kampuni na walioikataa wakajikuta sasa wako upande mmoja, wote wakiuliza kama shamba litarudi. Wengi walidhani mambo ni kama ya mtu aliyeazima jembe: akishindwa kulima, hulirudisha kwa mwenyewe. Sivyo. Kampuni iliposhindwa, ile haki ya miaka 99 iliuzwa kama mali nyingine yo yote. Mtoto aliyezaliwa Kisarawe mwaka 2009 angetimiza miaka 99 mwaka 2108, muda huo uishapo. Na Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, ilisema kwamba haki ya mgeni ikikoma ardhi hurudi kwa Kituo cha Uwekezaji au mamlaka nyingine itakayotajwa na Waziri. Kijiji hakikutajwa.