Majeshi Mawili, Mchezaji Mmoja

Wachongaji wa Tabaka, Kisii, huchonga kete za sataranji kwa jiwe la sabuni: majeshi mawili, wafalme wawili, ubao mmoja. Aghalabu wanunuzi hudhani kwamba pasipo mpinzani kete hizo ni pambo tu la meza. La hasha! Mchezaji aliye peke yake husogeza kete ya upande mmoja, kisha huugeuza ubao na kuutetea upande wa pili kwa uaminifu ule ule. Akipendelea, amejidanganya mwenyewe.

Walimu, hapo pana funzo. Mwanafunzi anayekariri insha ya mjadala huujua upande mmoja tu. Mfundisheni kuugeuza ubao: ajipinge, ajijibu, ndipo aamue. Katika chumba cha mtihani hamna mwenziwe wa kumkosoa. Sharti awe mpinzani wake mwenyewe.