MTOTO ASIYESHIKA MASOMO SI MJINGA

Kila mwisho wa muhula, katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, huletwa karatasi ya shule ambayo baba akiisoma hukunja uso. Mtoto amekuwa wa mwisho tena. Mwalimu ameandika kwamba hasikilizi, hamalizi kazi, na hati yake haisomeki. Baba husema mtoto ni mvivu. Mama hunong'ona kwamba pengine liko jicho la mtu. Jirani naye hakawii kumwita zuzu. Mtoto mwenyewe hukaa kimya, maana hata yeye hajui kwa nini wenzake waliweza jambo lile ambalo yeye limemshinda.

Yafaa wazazi na walimu wafahamu kwamba wako watoto wengi wa namna hii ambao si wavivu wala si wajinga. Ubongo wao hufanya kazi kwa njia isiyo ya kawaida, na njia hiyo haipatani na ufundishaji uliozoeleka. Vidole vya mkono havilingani, wala hapana mtu akatae kidole kifupi kwa kuwa si kirefu.

Upande wa bara wa Mombasa umezoea kuona watoto wenye ulemavu wakisoma. Likoni iko shule ya wasioona, na Port Reitz iko shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Mtu akimwona mtoto mwenye fimbo nyeupe humpisha njia. Lakini mtoto ambaye herufi humchanganyikia hana fimbo nyeupe. Ulemavu wake haujulikani ila afunguapo kitabu, na hapo badala ya kupishwa njia, hupigwa.

HERUFI HUMPOTEA

Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na hodari wa hesabu, lakini baada ya miaka mingi ya kufundishwa aliweza kusoma maneno mafupi tu. Mwalimu wake alishuhudia kwamba lau masomo yote yangalikuwa ya mdomo, kijana yule angaliwashinda wenzake wote shuleni. Hali hiyo leo huitwa disleksia. Si ugonjwa wa macho, bali ubongo hupata taabu kuunganisha sauti za maneno na herufi zinazoziandika. Mara nyingi hupatikana katika ukoo, hata baba anayemkemea mwanawe pengine alikuwa vivyo hivyo katika utoto wake.

Watu wa Pwani wana njia yao ya kuitambua hali hii, ila hawajapata kuifikiri. Mtoto huenda chuoni akahifadhi sura nyingi kwa kusikia tu, wala hakosei. Hutumwa soko la Kongowea kununua vitu vitano, akarudi navyo vyote na chenji kamili, bila kuandika lolote. Kisha siku iyo hiyo, darasani, ashindwa na mistari mitatu ya kitabu. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuitwa mjinga. Mlango wa sikio u wazi, mlango wa herufi ndio uliokwama.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mwenye disleksia aweza kuyasoma maneno yake sawasawa lakini polepole mno, mithili ya mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Afikapo kwenye Kiingereza, ambacho maandishi yake hayafuati matamshi, hapo huzama kabisa. Lakini hapa pana jambo la kuangaliwa. Mtoto atokaye nyumba ya Kidigo au Kigiriama akakawia katika Kiingereza miaka ya kwanza, huenda ni ugeni wa lugha tu, na ugeni huisha. Taabu ya kweli hujionyesha katika kila lugha, wala haiondoki kwa kungoja.

Wako wengine ambao shida yao si herufi. Yuko asiyeweza kutulia, ambaye hudakia jibu kabla ya swali kwisha, na huacha kila kazi katikati. Mtoto huyo asihukumiwe kwa utundu wa wiki moja. Waganga wa hospitali hutazama kama hali hiyo imedumu miezi sita au zaidi, na kama iko nyumbani na shuleni pia. Yuko tena mwenye usonji, ambaye huona taabu kuzungumza na kucheza na wenzake, hushika desturi moja kila siku, na huenda akaziba masikio kengele ya shule ilipopigwa. Huyu aghalabu husemwa kuwa amepagawa na pepo, na miaka yake ya kujifunza hupotea katika kutafutiwa hirizi.

Madhara hayaji siku moja. Mtoto wa darasa la kwanza hujitahidi kama wenzake. Afikapo darasa la tatu au la nne huona ya kwamba ameachwa nyuma, akaanza kuficha. Hujifanya mgonjwa asubuhi, au hufanya mzaha darasani, kwa maana ni afadhali kuchekwa kwa utani kuliko kuchekwa kwa kushindwa kusoma. Akichapwa, huongeza hofu, na mwenye hofu hajifunzi. Mwisho wake huacha shule, akaenda kuokota vyuma vikuukuu au kuzurura ufuoni, na watu husema, "Tulijua tangu zamani." Kumbe hawakujua lolote.

RISASI KATIKA DAMU

Sababu za hali hizi ni nyingi. Wako wanaozaliwa nazo. Wako waliokosa pumzi wakati wa kuzaliwa, au waliopata homa ya uti wa mgongo. Malaria nayo ikipanda kichwani ni adui mkubwa. Uchunguzi uliofanywa Kampala kwa watoto walionusurika malaria ya namna hiyo ulionyesha kwamba, miaka miwili baadaye, kama mtoto mmoja katika kila wanne alikuwa amebaki na upungufu wa fahamu au wa kujifunza. Mzazi akimwahi mtoto mwenye homa, huokoa masomo yake pamoja na uhai wake.

Lakini iko sababu nyingine ambayo watu wa upande wa Changamwe waijua kwa uchungu. Mwaka 2007 kilianza kazi kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kando ya mtaa wa Owino Uhuru, huko Mikindani, penye wakazi wapatao 3,000. Moshi na maji machafu yake yalichukua madini ya risasi hadi nyumbani mwa watu. Bibi Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo mwaka 2009, aliona mtoto wake mchanga akiugua, na madaktari walipompima walikuta risasi katika damu yake. Bibi huyo aliacha kazi akasimama pamoja na wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 yeye alipewa tuzo ya Goldman ya watetezi wa mazingira. Wataalamu walipolinganisha watoto wadogo wa Owino Uhuru na wale wa mtaa wa Bangladesh, ulio jirani, waliona risasi ni nyingi zaidi katika damu ya wale wa Owino Uhuru.

Risasi humdhuru mtoto kuliko mtu mzima, kwa kuwa ubongo wake ungali unakua na tumbo lake huifyonza zaidi. Tena yeye hutambaa katika vumbi na kutia vidole mdomoni. Hupunguza akili, huharibu usikivu, na humfanya asiweze kutulia. Shirika la Afya Duniani lasema hapana kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa hakina madhara. Dawa huweza kuipunguza damuni, lakini hairudishi yaliyokwisha haribika katika ubongo.

Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi 1.3 bilioni. Mahakama ya Rufani iliitangua hukumu hiyo mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwezi wa Desemba 2024. Haki ilikawia, na mtoto aliyekuwa wa kunyonya kiwanda kilipoanza alikuwa amekwisha maliza miaka yake ya shule ya msingi. Mwalimu aliyemwona mtoto wa namna hiyo akisinzia au akisahau, akamchapa kwa uvivu, aliadhibu sumu ambayo mtoto hakuila kwa hiari yake.

APIMWE KABLA YA KULAUMIWA

Basi mzazi afanye nini? Kwanza, ampeleke mtoto apimwe macho na masikio, maana wengi waonekanao wazito hawaoni ubao tu. Pili, azungumze na mwalimu kwa upole, wala si kwa ugomvi, walinganishe yaonekanayo nyumbani na shuleni. Tatu, aulize habari za kituo cha Serikali cha kupima watoto wenye shida za kujifunza. Vituo hivyo vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na mwaka 1986 kikafunguliwa Nairobi chuo cha kufundisha walimu wa elimu maalumu, kiitwacho KISE.

Mwalimu naye ana njia nyingi zisizo na gharama. Amketishe mtoto mbele. Ampe agizo moja kwa wakati mmoja. Amwache achore herufi mchangani kwa kidole huku akiitamka sauti yake. Amruhusu kujibu kwa mdomo, na ampe muda wa kutosha. Fimbo aiweke mbali. Viboko vilipigwa marufuku mashuleni tangu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mwanafunzi kuumizwa mwili au kuteswa moyo. Katiba ya mwaka 2010 nayo yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila kumtoa aliye mzito.

Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akitambuliwa katika darasa la kwanza au la pili, msaada mdogo humfaa sana. Akiachwa hadi amekuwa kijana, huwa amekwisha jifunza somo moja tu shuleni, nalo ni kwamba yeye hafai. Somo hilo ni gumu kulifuta kuliko lolote lililoandikwa ubaoni. Basi karatasi ya shule iletwapo mwisho wa muhula, baba asikunje uso kwanza. Amketishe mwanawe karibu, amwulize ni kitu gani kimtatizacho, na amsikilize mpaka amalize.