Mgonjwa wa Korona: Hesabuni Pumzi Zake

Ugonjwa wa korona ulionekana Kinshasa mwezi wa tatu 2020, na mwezi uleule ukafika Bukavu, karibu nasi. Mwanzo wake ni homa, kikohozi, maumivu ya kichwa na uchovu. Kwa sababu hiyo watu wengi hapa Nyangezi hudhani ni malaria, wakameza dawa nyumbani. Afadhali damu ipimwe kwanza.

Wengi hupona. Lakini wengine, baada ya siku kama saba, wakati jamaa wanapofurahi kwamba homa inakwisha, mapafu hushikwa. Basi msitazame homa tu. Keti karibu na mgonjwa akiwa ametulia, ushike saa, utazame kifua kinavyoinuka. Pumzi za mtu mzima zikizidi 30 kwa dakika moja, yuko katika hatari. Vilevile akishindwa kumaliza maneno yake kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, au akichanganyikiwa, mchukueni hospitalini saa ileile, hata kama ni usiku. Huko atapimwa kidoleni, na oksijeni ya damu ikishuka chini ya 90 kwa 100 atapewa oksijeni. Kujifukiza kwa majani hakuwezi kufanya kazi hiyo.

Wazee, wajawazito, watu wanene sana, na wenye ugonjwa wa sukari, wa moyo, wa figo au wa damu kupanda, wasingoje dalili hizo; wamwone muuguzi homa ikianza. Deksametazoni, ambayo wengine hujinunulia, humfaa mgonjwa anayehitaji oksijeni. Mwenye homa nyepesi yaweza kumdhuru, na mwenye sukari humpandishia sukari.