Je, Wajua? Miche ya Februari na Njaa ya Mwanga

Je, wajua kuwa mche unaosiwa Uingereza mwezi Februari husumbuliwa zaidi na uhaba wa mwanga kuliko baridi? Baridi ina dawa: mche huwekwa ndani ya nyumba, dirishani, trei yake ikalazwa juu ya mkeka wa umeme. Mchana mfupi ni shida nyingine. Mwishoni mwa Desemba, mchana wa London haufiki saa 8. Mwisho wa Februari unakaribia saa 11. Dar es Salaam na Nairobi hukaa karibu na saa 12 mwaka mzima, hivyo mkulima wa huku hana sababu ya kuhesabu mwanga. Mwenzake wa London asipouhesabu, kitalu chote kinaweza kulala chini.

Je, wajua kwa nini kinalala? Mche ukiwa gizani hutumia akiba yote ya mbegu kurefuka, ukiutafuta mwanga. Shina linakuwa jembamba na jeupe kama uzi. Joto likizidi, hali huwa mbaya zaidi. Mbegu ya nyanya hutaka nyuzi 18 hadi 21 ili iote, lakini ikishachomoza ihamishiwe mahali penye ubaridi kidogo na mwanga mwingi. Hapo ndipo wanaoanza hukosea: huona mche umeota vizuri penye joto, wakauacha hapohapo.

Je, wajua aliyeonyesha kwamba ncha ya mche ndiyo inayotambua mwanga? Ni Charles Darwin, akishirikiana na mwanawe Francis. Walitumia machipukizi ya nyasi. Walipofunika ncha, chipukizi halikupinda kuelekea mwanga. Walipofunika sehemu ya chini na kuiacha ncha wazi, lilipinda. Matokeo waliyachapisha mwaka 1880. Baadaye wanasayansi wakaigundua oksini, kichocheo kinachojikusanya upande wenye kivuli na kurefusha seli za upande huo, shina likainamia nuruni. Ndiyo maana kopo la dirishani hugeuzwa kila siku. Kipande cha kadibodi kilichofunikwa kwa foili, kikisimamishwa nyuma ya miche, huirudishia mwanga ambao ungepotelea chumbani.

Je, wajua kuwa mche wa nyanya uliorefuka mno bado unaokoleka? Wakati wa kuuhamisha, uzike hadi chini kidogo ya majani ya kwanza. Shina la nyanya huota mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu.

Je, wajua kuwa viazi vya mbegu huanikwa kwenye trei za mayai? Kuanzia mwisho wa Januari hupangwa upande wenye macho mengi ukiwa juu, mahali penye ubaridi lakini pasipoganda, penye mwanga. Baada ya wiki kama 6 hutoa machipukizi mafupi, manene, yenye rangi. Vikiwekwa gizani, hutoa machipukizi marefu meupe yanayovunjika kwa kuguswa. Wakulima wa viazi wa nyanda za juu za Kenya na Tanzania wanaotunza mbegu katika ghala la mwanga hafifu wanafuata kanuni hiyohiyo, na ni elimu inayostahili kufika kila kijiji kinacholima viazi.

Je, wajua kuwa wengi Uingereza na Ayalandi walizoea kupanda viazi Ijumaa Kuu? Sikukuu hiyo huhama kati ya Machi 20 na Aprili 23, tofauti ya zaidi ya mwezi mzima. Kupima joto la udongo ni mwongozo bora kuliko kalenda.

Je, wajua kuwa kitunguu saumu hudai baridi? Bila wiki kadhaa za ubaridi, kinaweza kubaki tunguu moja lisilogawanyika vidole.

Je, wajua kuwa maharage mapana, yale wanayopikia fuli Waarabu, huweza kuota udongo ukiwa na nyuzi 5 tu? Tatizo lake ni panya, ambao huyafukua usiku.

Je, wajua kuwa mbegu nyingi za saladi hugoma kuota udongo ukizidi nyuzi 25? Wa Mombasa au Tanga, weka kitalu kivulini na usie jioni.

Je, wajua kuwa mche mchanga hushikwa kwa jani, kamwe si kwa shina? Jani likichanika, litaota jingine. Shina ni moja tu. Likipondeka, mche umekwisha.

Je, wajua kinachoangusha miche kwa usiku mmoja, shina likioza usawa wa udongo? Ni kinyaushi. Vimelea vyake, kama Pythium na Rhizoctonia, hustawi penye maji mengi na msongamano. Sia mbegu chache, safisha makopo, acha hewa ipite, na mwagilia kwa kusimamisha makopo kwenye trei yenye maji ili yanyonye kutoka chini, kisha mwaga yanayobaki.

Je, wajua kuwa mche wa ndani ukitolewa nje ghafla huungua kwa jua na upepo? Uzoeshwe kwa siku 7 hadi 14: saa chache nje, kisha urudishwe. Maeneo mengi ya Uingereza hupata sakitu, yaani umande ulioganda, hata mwezi Mei, na usiku mmoja wa sakitu hutosha kuua nyanya.

Je, wajua kuwa mkazi wa mjini asiye na ardhi anaweza kudai pa kupanda? Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri za Uingereza na Wales kutenga vishamba vya kukodisha palipo na uhitaji, isipokuwa mitaa ya kati ya London. Kishamba kamili cha kimila ni takriban mita za mraba 250. Wakazi 6 walioandikishwa kupiga kura au wanaolipa kodi ya halmashauri wakiandika ombi kwa pamoja, halmashauri inalazimika kulizingatia. Msomaji uliyeko huko, tafuta wenzako 5 muandike.