Sepultura: Ngurumo Kutoka Belo Horizonte

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, vijana wa Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Minas Gerais nchini Brazili, walikuwa na mahali pao pa kukutania: duka la santuri la Cogumelo. Walikwenda kusikiliza hevi metali kutoka Ulaya na Marekani hata kama mfukoni hawakuwa na kitu. Wenye duka walipoona wateja wao wameanza kuunda bendi, nao wakaamua kutoa rekodi. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1985, iligawanywa kati ya bendi mbili. Upande mmoja ulikuwa wa Overdose, upande wa pili wa wavulana wanne waliojiita Sepultura, yaani kaburi kwa Kireno. Mpiga dramu wao, Igor Cavalera, alitimiza miaka 15 mwaka huohuo.

Miaka 11 baadaye wavulana hao walikuwa na albamu iliyoshika nafasi ya nne katika chati ya Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, bendi ikavunjika.

Muziki wao wa mwanzo ni thrashi metali, tawi la hevi metali lililokomaa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, hasa California. Metallica, Slayer na wenzao walichukua magitaa mazito ya bendi za Uingereza wakayatia kasi na hasira ya panki. Mpiga gitaa hulaza ubavu wa kiganja juu ya nyuzi, karibu na zinapofungiwa, kisha huzichapa harakaharaka. Sauti hutoka kavu, imekatikakatika, mfululizo. Mpiga dramu hukanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Mwimbaji hafoki kwa sababu hajui kuimba. Anafoka kwa sababu anazungumzia vita, magereza, wanasiasa waongo na watu wanaoonewa. Mgeni akiusikia kwa mara ya kwanza anaweza kuuita makelele. Lakini ni muziki wenye nidhamu kali, maana kwa mwendo ule mkono wa mtu mmoja ukichelewa kidogo tu, wimbo mzima huyumba.

Igor na kaka yake Max hawakuzaliwa katika dhiki. Baba yao, Graziano, alikuwa Mwitaliano aliyefanya kazi katika ubalozi mdogo wa Italia mjini São Paulo, na mama yao, Vânia, alikuwa mwanamitindo. Kisha baba akafariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo wakiwa bado wadogo. Familia ikahamia Belo Horizonte na maisha yakabana. Bendi ilianza mwaka 1984, jeshi likiwa bado madarakani tangu mapinduzi ya 1964, na vijana wenye nywele ndefu na fulana nyeusi hawakuwa kipenzi cha polisi. Jina Max alilipata alipokuwa akitafsiri wimbo wa Motörhead unaotaja kaburi. Wakati huo mwimbaji alikuwa Wagner Lamounier, ambaye aliondoka mapema na baadaye akaiongoza bendi nyingine kali ya mji huo, Sarcófago. Max akashika maikrofoni, akabaki na gitaa lake pia. Gitaa hilo akazoea kulipiga likiwa na nyuzi nne badala ya sita, na hadi leo hupiga hivyo.

Albamu ya kwanza kamili, Morbid Visions ya mwaka 1986, ilirekodiwa na vijana ambao hata kulipatanisha gitaa sawasawa walikuwa hawajui. Mashairi yake yamejaa mashetani ya kuazima kutoka kwa bendi ya Kiingereza ya Venom, tena katika lugha waliyoijua nusunusu. Kwa vipimo vya studio ni kazi mbovu. Hata hivyo kuna nguvu ndani yake isiyoweza kughushiwa, na miaka michache baadaye wanamuziki wa Norway walioanzisha wimbi lao la blaki metali waliithamini sana rekodi hii ya watoto wa Minas Gerais.

Mwaka 1987 alikuja Andreas Kisser, mpiga gitaa kutoka São Bernardo do Campo, mji wa viwanda vya magari kando ya São Paulo. Huyu alikuwa amesoma gitaa kwa makini, na alichukua nafasi ya Jairo Guedz. Tofauti ilisikika mara moja katika albamu ya Schizophrenia iliyotoka mwaka huohuo. Nyimbo zikapata umbo, solo zikapata melodia, na Igor akawa mpiga dramu wa kuogopwa. Mwaka uliofuata Max alisafiri hadi New York kutafuta kampuni ya kutoa rekodi zao nje ya Brazili, akarudi na ahadi ya Roadrunner.

Kampuni haikumwaga fedha. Mwishoni mwa Desemba 1988 ilimtuma Rio de Janeiro mtayarishaji kijana kutoka Florida, Scott Burns, na ndani ya siku tisa hivi za kazi ya usiku ikakamilika Beneath the Remains. Wapenzi wengi wa thrashi wanaiweka albamu hiyo, iliyotoka mwaka 1989, miongoni mwa bora za aina yake popote duniani, na wana haki. Ni ya kasi, safi, yenye makali, na ilirekodiwa mbali kabisa na California. Arise ikafuata mwaka 1991, safari hii katika studio ya Morrisound kule Tampa. Januari ya mwaka huohuo bendi ilipanda jukwaa la Rock in Rio katika uwanja wa Maracanã, siku moja na Judas Priest na Megadeth.

Hapo wangeweza kukaa. Walikuwa na jina, walikuwa na soko, na kila mtu alitaka Arise ya pili. Waliamua kwenda kwingine, na uamuzi huo ndio unaowatenga na mamia ya bendi nyingine za thrashi zilizojua kukimbia tu.

Chaos A.D. ya mwaka 1993 ilirekodiwa Wales, katika studio ya Rockfield. Mwendo umepunguzwa na magitaa yameteremshwa sauti. Wimbo wa kwanza unafunguliwa na mapigo ya moyo wa Zyon, mtoto wa Max, yaliyonaswa akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mara baada ya moyo huo zinaingia dramu za Igor, na hapo ndipo msikilizaji anapogundua kwamba hazitoki California. Zina mtikisiko wa samba ndani yake, hasa samba ile ya vikundi vya mitaani vya Salvador, Bahia, kama Olodum, ambako ngoma kubwa na ndogo hujibizana kwa wakati mmoja. Igor hakuzibandika ngoma hizo juu ya thrashi kama pambo. Alibadilisha namna ya kupiga wimbo wenyewe.

Mashairi nayo yalishuka kutoka kuzimu hadi mitaani. Wimbo wa Manifest unahusu gereza la Carandiru, São Paulo, ambako tarehe 2 Oktoba 1992 polisi waliingia kuzima ghasia na wafungwa 111 wakafa. Kaiowas, ambao hauna maneno, umetungwa kwa heshima ya Waguarani-Kaiowá, watu wa asili wa Mato Grosso do Sul. Watu hawa walikuwa wakipoteza ardhi yao kwa wenye mashamba makubwa, na wengi wakakata tamaa hadi kujiua. Bendi iliurekodi wimbo huo kwa magitaa ya kawaida, bila umeme, ndani ya magofu ya ngome ya Chepstow. Unasimama katikati ya albamu yenye kelele nyingi, na ni vigumu kuusahau.

Mwaka 1995, wakijiandaa kwa albamu iliyofuata, Max alitaka kufika mbali zaidi. Filamu moja kuhusu watu wa msitu wa Amazon ilikuwa imemwingia akilini, na yeye na wenzake wakaomba kuwatembelea Waxavante, jamii ya jimbo la Mato Grosso iliyojulikana kwa kukataa kuingiliwa. Novemba wakapokelewa katika kijiji cha Pimentel Barbosa. Walipakwa rangi kwa desturi ya wenyeji, wakacheza nao, na wimbo wa jadi wa Waxavante ukarekodiwa papo hapo nje, magitaa ya bendi yakiufuata kwa unyenyekevu. Ndio unaosikika katika wimbo wa Itsári.

Matokeo yake yalikuwa albamu ya Roots, iliyotoka mwaka 1996. Juu ya jalada kuna sura ya mtu wa asili iliyochukuliwa kutoka noti ya zamani ya kruzeiro 1,000. Ndani yumo Carlinhos Brown, mpiga ngoma na mtunzi kutoka mtaa wa Candeal, Salvador, bandari iliyopokea Waafrika wengi waliouzwa utumwani kabla Brazili haijafuta biashara hiyo ya aibu mwaka 1850 na utumwa wenyewe mwaka 1888. Katika Ratamahatta, Brown anaita kwa Kireno, ngoma zinarundikana, na miongoni mwa majina yanayotajwa ni Zumbi, kiongozi wa Palmares, makazi ya watumwa waliotoroka, aliyeuawa mwaka 1695. Wimbo mwingine, Ambush, unamkumbuka Chico Mendes, mgema mpira na mtetezi wa msitu aliyepigwa risasi mwaka 1988. Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Bendi hii iliishi maana yake bila kuliacha gitaa la umeme hata siku moja.

Isemwe kwa haki kwamba Roots si albamu isiyo na kasoro. Ni ndefu, na baadhi ya nyimbo zake zinategemea mtindo wa miaka ile wa magitaa ya kurukaruka uliochakaa haraka. Chaos A.D. ndiyo kazi iliyokamilika zaidi. Lakini kwa ujasiri hakuna inayoifikia Roots, na bendi nyingi zilizokuja baadaye kuchanganya metali na muziki wa kwao zilipita njia ambayo Sepultura ilikuwa imeshaifyeka.

Msiba ulikuja mwaka huohuo. Agosti 1996 mtoto wa kambo wa Max alifariki katika ajali ya gari Marekani. Max na mkewe Gloria, ambaye pia alikuwa meneja wa bendi, wakarudi kuzika. Wenzake watatu wakapanda jukwaani bila yeye katika tamasha la Donington, Uingereza, Kisser akiimba. Miezi ile ya majonzi ikafukua mgogoro wa siku nyingi: Igor, Kisser na mpiga besi Paulo Jr. hawakutaka tena kuongozwa na Gloria. Tarehe 16 Desemba, baada ya onyesho la Brixton Academy, London, walimweleza Max kwamba mkataba wa mkewe hautaendelea. Max akaondoka. Ndugu wawili waliokua chini ya paa moja wakakaa takribani miaka kumi bila kusemezana.

Max alianzisha Soulfly mwaka 1997. Sepultura ikamchukua Derrick Green, Mmarekani mweusi kutoka Cleveland, Ohio, ikatoa Against mwaka 1998, na ndani yake wamo wapiga ngoma wa Kijapani wa kundi la Kodo. Mashabiki wengi hawakumkubali Green, na magazeti mengi yaliiandika bendi kama marehemu. Huo ulikuwa uonevu. Green ameimba na Sepultura kwa miaka mingi kuliko Max, na albamu kama Machine Messiah ya 2017 na Quadra ya 2020 ni kazi za bendi iliyo hai, yenye fikra mpya na wapigaji hodari kuliko wakati wowote. Anayeishia 1996 anajinyima.

Igor alitoka mwaka 2006, akapatana na kaka yake, na wawili hao wakaunda Cavalera Conspiracy. Mwaka 2023 walizirekodi upya Bestial Devastation, yaani upande wao wa ile santuri ya 1985, na Morbid Visions, safari hii magitaa yakiwa yamepatanishwa. Desemba ya mwaka huo Kisser, aliyekuwa amefiwa na mkewe kwa saratani mwaka uliotangulia, alitangaza pamoja na wenzake ziara ya kuaga. Wiki chache kabla ya kuanza, mpiga dramu Eloy Casagrande aliondoka na kujiunga na Slipknot, nafasi yake ikachukuliwa na Mmarekani kijana, Greyson Nekrutman. Ziara haikuahirishwa. Ilifunguliwa Machi 2024 palepale Belo Horizonte.

Msomaji ambaye hajawahi kuisikia Sepultura asianzie mwanzo. Aanze na Chaos A.D., aisikilize kwa spika zinazotoa besi vizuri, kisha aende kwenye Ratamahatta katika Roots, na masikio ayaelekeze kwenye ngoma kabla ya magitaa. Akishazizoea ngoma hizo, Beneath the Remains haitamtisha tena.