Fahamu: Kutambua wakimbizi kwa kundi, na kwa nini Kigoma inaguswa

Ni utaratibu ambapo serikali humpa hifadhi kila anayevuka mpaka kutoka nchi fulani, kwa kuwa hali ya huko inajulikana, bila kumhoji mmoja mmoja. Tanzania iliuacha kwa Warundi Januari 2017.

Kagunga, 2015

Mei 2015, machafuko ya Burundi yaliposhika kasi, makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji cha mpakani mkoani Kigoma kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Kwa barabara palikuwa hapafikiki, hivyo MV Liemba, meli kongwe iliyojengwa Ujerumani, ikawabeba hadi Kigoma mjini, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Nani angemhoji kila mtu pale ufukweni?

Kilichobadilika

Tangu 2017, Mrundi anayeomba hifadhi hutakiwa kujieleza mwenyewe kwa nini alikimbia. Mwaka 2018 Tanzania ikajitoa pia kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwaingiza wakimbizi katika maendeleo, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Kambi ya Mtendeli, Kakonko, ikafungwa 2021. Ni mgeuko mkubwa kwa nchi iliyowapa uraia zaidi ya Warundi 160,000 waliokimbia mwaka 1972 na vizazi vyao.

Sheria inasemaje

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na ule wa Afrika wa 1969 inakataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na Tanzania imeridhia yote miwili.